Stika za Baba Tabby

Wenzangu wa Kibomet, na nyinyi jamaa wa Bungoma mnaopenda kucheka na simu mkononi, nisikilizeni niwape habari za nyumba moja mnayoijua. Sitaipaka sukari. Ikiwachoma, vumilieni, kuna aliyechomeka zaidi yenu.

Hiram Gathii ana duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kibomet. Kila Jumatano jioni, duka likishafungwa, yeye na mkewe Gladwell na binti yao Tabby walikuwa wakikaa kwenye kochi na chai ya maziwa na nduma, wakitazama mchezo wa runinga uitwao Shamba la Marehemu. Mchezo huo ulirekodiwa hapo Kiminini tu, kwenye shamba la mahindi, na hilo liliwafanya waupende zaidi. Tabby, aliyekuwa amemaliza chuo na hana kazi, aliwaigiza wahusika wote, hasa yule mama mkwe mkorofi, hadi baba yake akatokwa na machozi ya kicheko. Ilikuwa nyumba yenye raha.

Kisha Hiram akawa admini. Mashabiki wa mchezo huo walikuwa na kundi lao la WhatsApp, watu wengi kuanzia Kitale hadi Malakisi, na Hiram alilisimamia kama mtu aliyepewa uchifu. Humo kila mtu alikuwa mtaalamu. Watu ambao hawajawahi kushika kamera walikuwa wakimfundisha mwongozaji kazi, na kukicha wanaanza tena.

Utamu wenyewe ulikuja waigizaji walipogoma. Kiongozi wa mgomo alikuwa Peris Wekoye wa Bungoma, aliyeigiza yule mama mkwe. Hadithi ilikuwa imefika mahali ghala la mahindi linateketea, na yeye na wenzake walitaka bima, maji ya kutosha na mtu anayejua kuzima moto. Peris alijirekodi akilia, akasema, "Tukiingia humo hivi hivi tutachomeka."

Hiram aliukata uso huo uliolowa machozi, akaugeuza stika, vile vipicha vya kutumiana kwenye simu, na chini yake akaandika TUTACHOMEKA. Kundi lilicheka wiki nzima. Mtu akisema uji ni moto, anatumiwa Peris. Akilalamikia jua, Peris tena. Hiram akaongezea maneno ambayo kundi liliyashika kama wimbo: "Asiyetaka kazi arudi nyumbani, wengine wako."

Nawauliza, mtu akilia kwamba ataungua, kinachochekesha ni nini? Mimi sijakiona mpaka leo.

Watu wa kampuni iliyotengeneza mchezo huo walimsoma Hiram kundini wakaona huyu ni mtu wao. Wakampigia simu wakimwomba awatafutie wasichana wa kujaza nafasi za waliogoma. Kichwa kilimvimba. Jina la kwanza alilolitoa lilikuwa la Tabby.

Gladwell hakupenda. "Baba Tabby, si hao waliogoma wamesema kuna moto huko?"

"Hao ni wavivu," Hiram akamjibu. "Ati moto. Hiyo ni TV, bana, si jikoni."

Na Tabby, ambaye hakuwa na ndoto nyingine ila kuigiza, alikuwa ameshafungasha nguo.

Alipewa nafasi ya mfanyakazi anayekimbilia ndani ya ghala kuokoa gunia. Mara ya kwanza aliingia na kutoka salama. Mwongozaji akasema moshi ni kidogo, ongezeni petroli, turudie. Tabby akaingia tena, na upepo ukaufunga mlango wa mabati nyuma yake. Maji yaliyokuwepo ni ndoo moja, na hiyo mpishi alikuwa ameshaitumia kupikia chai. Walirusha udongo kwa mikono. Mlango ulipofunguka, nguo ya Tabby ilikuwa inawaka mgongoni na shingoni, na mfanyakazi mmoja, badala ya kuvua koti amfunike, alitoa simu akarekodi.

Gladwell hajafika hospitalini Kitale, video ilikuwa imeshafika Malakisi. Huko ndiko aliko Wakhungu, msaidizi wa Hiram kwenye kundi, ambaye hakuwahi kumwona Tabby. Alifanya kama alivyofundishwa na admini wake: akaukata ule uso ulioachama, akaandika, HUYU AMECHOMEKA KWELI. Stika hiyo ilimkuta Hiram nje ya wadi. Aliitambua blauzi, ni yeye aliyeinunua.

Akaandika, "Huyo ni mtoto wangu. Futeni." Wakadhani ni mzaha wake wa kila siku, wakamjibu kwa uso wa Peris.

Walipoamini, mambo hayakuwa bora. Kampuni ilisema Tabby hakutia sahihi popote, kwa hivyo haimjui. Hiram alifungua kundi lingine la kuchangisha gharama za matibabu, akawaalika mashabiki wake. Waliingia kwa wingi. Wachache tu ndio waliotuma chochote. Wengine waliacha stika wakatoka. Wakhungu aliandika, "Pole admin, lakini si alijipeleka. Kama hawezi kazi, wengine wako."

Peris alikuja hospitalini kutoka Bungoma na uji kwenye thamosi. Gladwell alimpokea kwa mikono miwili. Hiram alikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji hadi mgeni alipoondoka.

Tabby alipona, ikiwa huko ni kupona. Shingo imekazana hadi kidevu kinakaribia kifua, na jicho moja halifumbi. Siku kipande chake kiliporushwa kwenye runinga, walikikata pale anapoingia mlangoni. Simu ya Hiram, aliyeshindwa kuliacha kundi, ikalia. Shabiki mmoja alikuwa ameandika kwamba moto huo ni wa kompyuta, hata mtoto anaona.

Tabby alikuwa kwenye kochi, akayasoma maneno hayo juu ya bega la baba yake.

"Baba, ile stika ya Peris ni wewe ulitengeneza?"

"Ni mimi."

"Na ilikuchekesha?"

Hiram akasema ndiyo. Angesema nini? Kisha akaanza kulia, mzee mzima, mdomo wazi. Tabby akainua simu yake, akampiga picha.

Asubuhi stika mpya ilikuwa kwenye kundi: uso wa Hiram umelowa, na chini yake WENGINE WAKO. Watu walicheka sana. Katika nyumba ile baba na binti hawasemezani tena, na Gladwell anapeleka chakula vyumba viwili.

Funzo

Mgomo wa mtu si burudani yako. Anayesema kazi yake itamuua, msikilize kabla hujampeleka mwanao kuichukua nafasi yake. Na ukiwafundisha watu kucheka uso wa anayelia, jua hawatauliza uso unaofuata ni wa nani. Watacheka tu, kwa sababu ndivyo ulivyowafundisha. Hiram alilifundisha kundi lake, na mwishowe akamfundisha hata binti yake.

Ile stika ya Hiram najua mnayo. Ifuteni.