Tuta la Umba

Maji ya mtungini yalianza kunuka udongo mbichi. Zaina aliyamwaga, akasugua mtungi kwa majivu, akateka mengine kisimani. Kufika adhuhuri, harufu ileile.

Ilikuwa mwaka 1951, Kamina. Mumewe, Bilali, alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi waliokuwa wakikata barabara kupitia tuta kuukuu nyuma ya nyumba yao. Tuta lile lilimpita mtu kwa urefu, nalo liliitwa Umba. Kwa nini Umba, hakuna aliyejua. Wengine walisema ni chifu aliyelijenga kuwazuia wakamata watumwa. Wengine, kwamba wakamata watumwa wenyewe walilijenga, wawafungie watu ndani.

"Iko jina tu," Bilali alicheka. Akaligeuza wimbo wa kazi, majembe yakawa yanashuka kwa kulitaja.

Jirani yao Mama Kapenda, Mluba wa palepale, aliingia uani akinong'ona. "Mama Saumu, ambia bwana yako aache kuita ile jina. Siye tunapitaka pale kimya."

"Iko jina ya nani?"

"Hatujue. Njo maana tunanyamaza."

Wiki ile binti yao Saumu akawa analala mchana kutwa na kuamka na udongo kwenye kucha. Kisha majembe yakasikika chini ya sakafu, wakati wafanyakazi wote wamepumzika, na Zaina alipoinama kusikiliza akatambua kwamba hayachimbi kwenda chini bali yanakuja juu, taratibu, mpaka penye mkeka wa mtoto.

Bilali akamwita Mwalimu Asumani, mganga wa majini. Alasiri ile alifukiza ubani, akasoma, na Saumu akajibu kwa sauti ya mtu mzima.

"Weye nani?" Asumani aliuliza.

"Umba."

"Umba njo nani? Chifu? Mutumwa?"

Mtoto akacheka. "Minyi nilikuta jina hapa, na ukuta, na mifupa ndani. Nani alijenga, hata minyi sijue. Lakini munaniita kila siku, nimekuya. Nipeni jina ya muntu ingine, nitaacha huyu."

"Musijibu," Asumani alinong'ona. "Hata akimunyonga mutoto, musijibu."

Bilali akafunika uso. Zaina akaiona shingo ya mwanawe ikipinda, udongo ukamtoka mtoto kinywani, kwanza kidogo, kisha vibonge vyenye mizizi, na macho yake, yale ya Saumu mwenyewe, yakamtazama mama yake yakiomba, huku Asumani akisoma mbio na sauti yake ikikatikakatika, na kitu kama mfupa kikalia ndani ya ile shingo.

"Noé!" Zaina akapiga kelele.

Noé alikuwa mmoja wa wachimbaji wa Bilali, aliyewazibia paa mvua zilipoanza. Ndilo jina la kwanza lililomjia.

Asumani alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake adhuhuri tuta lilimwangukia Noé, peke yake kati ya wenzake wote. Walipomfukua, kinywa kilikuwa kimeshindiliwa udongo mpaka kooni.

Saumu alipona. Aliomba sahani ya bukari, akala, akacheza. Zaina akaenda naye matangani, na mjane wa Noé, Élisa, mtoto mchanga mgongoni, akamshika mikono yote miwili.

"Aksanti mama, umekuya kulia na minyi."

Saumu akamvuta mama yake kitenge, akamwekea midomo sikioni.

"Zaina," alinong'ona, "huyu wa mugongoni, jina yake nani?"