Niliapa Kuwa Ni Sindano

Nina miaka thelathini na minne, ni mke wa mtu hapa Mji wa Kale, na mikono hii ninayoandikia ndiyo iliyomlemaza mwanangu.

Rukia alikuwa na miezi mitatu. Alidungwa sindano ya chanjo, paja likavimba kidogo. Kadzo, nesi wa zahanati, alinionya mapema: "Mama Rukia, usipakande. Patashuka penyewe."

Lakini mimi nifundishwe kukanda mtoto? Si sote tulikandwa! Nikapasha mafuta ya nazi, nikamkanda, nikamvuta mguu kumnyoosha viungo... nikasikia kitu kikilia, ko! Mtoto alipiga ukelele, yallah, nausikia mpaka leo.

Mume wangu Swaleh aliporudi akaukuta mguu umelegea, nikamwambia ni sindano. Niliogopa, basi.

Sikujua litafika kwa wakili! Swaleh akaidai zahanati fidia. Madaktari walivutana, huyu asema sindano ilipiga mshipa, huyu asema nyonga imeteguka. Mwisho zahanati ikataka yaishe nje ya mahakama. Tukaitwa Kizingo kwa wakili, Kadzo naye akaletwa. Alilia, akasema pengine mtoto alikandwa. Wakaniuliza. Nikajibu, "Wallahi sikumgusa!"

Tukatia sahihi, tukalipwa. Kadzo akafutwa kazi.

Kisha nikamzaa Salim. Swaleh akasema mwanawe huyu hatadungwa sindano yoyote, moja imetutosha. Nami nikanyamaza... ningesema nini? Surua ilipoingia mtaani ikamchukua Salim, hata miaka miwili hajatimiza.

Kadzo alikuja matangani. Siku hizi anauza viazi karai Majengo. Akanikumbatia, akaniuliza, "Na mguu wa Rukia waendeleaje?" Jamani! Afadhali angenitukana mbele za watu.

Wifi yangu amejifungua wiki hii. Swaleh amemkataza kumpeleka mtoto chanjo, na ushahidi wake ni mimi! "Muulize mke wangu," amwambia. Wifi akanitazama, nikainamisha kichwa.

Wasomaji wenzangu, nawaomba mnichukie lakini mnisikie. Ukikosea kwa mwanao, sema siku hiyo hiyo, hata kama utaachwa. Mimi nilinyamaza, mmoja anaburuta mguu, mwengine nimemzika, na mwanamke wa watu nimemtoa kazini. Huyu wa wifi yangu hajafanya kosa lolote.

Nimemwita Swaleh na dadake waje tuketi. Wanapanda ngazi sasa hivi. Chupa ya mafuta nimeiweka mezani, nianzie hapo... Mungu wangu, nipe ulimi.