Misumari ya Muzee Ézéchiel

Jua ilikuwa inaenda kuzama. Nikabeba nyundo, nikaenda Mudzipela kwa mudogo wangu Emerance. Kazi ilibakia kidogo tu, kupigilia mbao za mwisho chini mu chumba ya mutoto wake. Tangu mvua ianze, Ornella alikuwa anakohoa juu ya udongo ile yenye kulowa.

Misumari ilikuwa mu mufuko wangu. Pale ndipo haya yangu inaanza.

Siye wenye kutengeneza masanduku ya maiti tunajua: misumari yenye familia inaleta, yote inaenda na maiti. Yenye kubakia, unaitupa mu kaburi. Lakini asubuhi ile, mbele ya kumuzika Muzee Ézéchiel, kifuniko ya sanduku yake nilipiga ku kona tu. Ingine nikaficha. Maiti atajua nini? Mujinga mimi.

Nikapiga ya mwisho. Nikaweka nyundo chini.

Ko. Ko. Ko.

Chini ya mbao...

Harufu ya udongo mubichi ikapanda, na ya mushumaa wenye kuzimwa. Kichwa ya musumari ikaanza kutoka, polepole, kama mutu anaisukuma. Halafu ingine.

"Yaya Anselme," mudogo wangu akanong'ona pa mulango, "ni weye uko napiga?"

Nikamuonyesha mikono mitupu.

"Hii misumari ulitoa wapi?"

Nikamuambia. Hakunitukana. Alifunika uso na kitenge, akalia, na ile iliniuma kupita matusi.

Nikaing'oa yote, nikakimbia ku makaburi, nikaisukuma mu udongo ya Muzee. "Unisamehe, papa. Mutoto hana kosa."

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Ornella alilala ku kitanda ya mama yake, na hakukohoa hata kidogo. Nikamushukuru Mungu, nikainama nimufunike.

Alikuwa amefunga ngumi. Nikaifungua kidole kwa kidole...

Musumari.

Akafungua macho. "Achia, Tonton. Ni ya Muzee. Alisema nimuchungie, atakuja kuchukua yeye mwenyewe."

Na ule niliurudisha. Lakini kila mangaribi Ornella anafunga ngumi, anakaa anaangalia mulango. Kosa ni yangu, na mimi ndiye ninapiga magoti, namuomba Muzee anichukue mimi.

Ornella anatingisha kichwa.

"Hakukuita weye, Tonton."