Waliomwita Murunga

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, na Maurice alikuwa anaringa. Hilo nalo lilikuwa la kawaida. Huyu jirani yetu wa Gatwekera, hapa Kibera, aliringa hata akiwa amebeba mtungi wa maji kichwani. Alikuwa ameandikwa kazi na Gathoni kule Kawangware, kwa saiba, chumba cha kompyuta tatu na laini moja ya simu. Mwaka huo wa tisini na tisa, mtu aliyejua kufungua intaneti alijiona daktari. Akipita kwa ploti, shati ndani ya suruali, salamu yako anaijibu kwa nyusi.

"Niaje, Morii!" wanawake wa pale bombani wanamwita.

"Nyinyi katakateni sukuma wiki," anasema bila kusimama. "Dunia iko mbele, hamjui."

Wao wanacheka. Yeye anafikiri wanacheka kwa wivu.

Sasa sikia kilichokuwa kinamnyima daktari huyo usingizi. Katuni.

Ilikuwa katuni ya TV, jina lake Mira na Taa. Msichana anatembea gizani na taa, anatafuta watoto waliopotea. Akifika mahali anainua taa, anaita jina la mtoto mara tatu, na mtoto anatoka pale alipo, anamfuata nyuma. Basi, ni hiyo tu. Lakini huko intaneti watu wazima, wenye ndevu na magari, walikuwa na baraza lao la kuizungumzia. Mtu anabuni mtoto wake aliyepotea, anaandika hadithi yake, anaiweka barazani. Wengine wakiipenda wanajibu kama Mira. Wanaandika jina la yule mtoto, mara tatu. Hadithi inayoitwa inapanda juu ya ukurasa. Isiyoitwa inazama.

Za Maurice zote zilikuwa zimezama.

"Wazungu wajinga," alimwambia Gathoni. "Mtu na akili yake analilia katuni."

"Na wewe unawaandikia ya nini?"

"Wajue mimi ni nani."

Gathoni aliguna, akaendelea kufuta kioo cha kompyuta.

Kuna mama mmoja Maurice alimdharau kuliko wote, wa nchi fulani ya theluji. Mama huyo alikuwa ameandika juu ya mvulana anaitwa Henrik. Henrik alitembea juu ya ziwa lililoganda, barafu ikapasuka, na kilichobaki juu ni glavu moja nyeupe ya sufu. Hadithi fupi, imeandikwa vibaya. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwita Henrik. Maurice peke yake ndiye alijibu, na alijibu hivi: "Mama, mtoto wako anachosha. Hata ziwa lilimchoka."

Yule mama akaandika chini yake: "Asante kwa kumsoma."

Maurice alicheka mpaka Gathoni akamwambia anyamaze, wateja wanasikia.

Basi siku hiyo, hiyo Jumamosi, akaona kubuni kumemshinda. Akachukua mtu wa kweli. Akamchukua Murunga.

Murunga alikuwa mdogo wake. Alizama kwenye dam, lile bwawa la pale chini ya Kibera, bado anang'oka meno ya utoto. Maurice aliandika vyote. Pengo la mbele, na mluzi uliokuwa unatokea kwenye hilo pengo. Gambuti nyekundu, viatu vyake vya mvua. Jinsi gambuti moja ilivyochomoka ikabaki kwenye matope, akazikwa na nyingine. Ile ya matope Kukhu, nyanya yao, aliiweka kwa sanduku lake chini ya kitanda, na haikuguswa tena. Jina hakubadilisha. Aliliandika vile lilivyo, jina la mtu wa kwao aliyezikwa na kuliliwa, akawatupia watu asiowajua kama mtu anavyotupia kuku mahindi.

Walilidonoa. Kabla Gathoni hajafunga, hadithi ilikuwa juu kabisa. Murunga, Murunga, Murunga. Kioo kizima kilikuwa jina hilo.

"Ona wajinga wangu," Maurice alisema, na machozi ya furaha yalikuwa karibu.

Wiki hiyo hiyo dada yake Nasambu alikuwa amejifungua mvulana. Walikaa nyumba moja, Nasambu na Kukhu upande mmoja wa pazia, Maurice upande wa pili. Mtoto alikuwa analia. Sio kulia kwa watoto. Kulia kwa mtu anayegonga mlango. Titi alikuwa analikataa. Wa kliniki walimpima, wakasema hana kitu.

Kukhu alijua ni nini. Kwao, mtoto mchanga akilia hivyo, kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka kurudi kwa jina. Mama anashika mtoto kifuani, nyanya anaita majina ya waliokufa, moja moja. Likifika lenyewe mtoto ananyamaza, ananyonya. Asipopata jina hanyonyi. Asiponyonya, hakuna haja nikuambie.

Waliita Jumapili baada ya kanisa, jua limewaka, mlango wazi. Kukhu alimwita babu. Akaita mashangazi na wajomba. Mtoto analia tu. Maurice alikuwa amelala na gazeti usoni.

"Ushamba huu," alisema. "Mpeni maji ya sukari."

"Nilimwota Murunga," Nasambu alinong'ona. "Nikiwa na mimba. Alikuwa amesimama hapo mlangoni. Kukhu, muite yeye."

Kukhu akaita. "Murunga."

Mtoto alinyamaza.

Mtoto aligeuza kichwa, na mtoto wa siku chache hageuzi kichwa, akatazama mlangoni. Walingoja. Kukhu akaita tena. Kisha uso wa mtoto ukakunjika polepole, kama wa mtu aliyengojea mgeni akaona ni upepo, na kilio kikaanza upya.

"Hayuko," Kukhu alisema kwa sauti ya chini. "Kila mara tukimtaja kwa nyumba hii huwa nasikia yuko. Leo hayuko. Kuna mtu amemwita nje."

Akatazama pazia la Maurice. Maurice aligeuza ukurasa wa gazeti.

Kesho yake alifika Kawangware mapema. Majibu yalikuwa mengi, yote Kiingereza. Akashuka nayo moja moja. Murunga, Murunga, Murunga. Halafu akafika kwa moja lisilokuwa na jina la mwandishi. Lilikuwa Kiswahili.

"Mozi, huku kuna watu wengi wananiita. Nifuate nani?"

Mozi. Mtu aliyemwita Mozi alikuwa mmoja tu. Meno ya mbele hakuwa nayo, na Morisi haikumtoka vizuri. Hilo Maurice hakuwa ameliandika.

"Gathoni," aliita. "Nani alikaa kwa hii mashine?"

"Nani akae, na stima ilikuwa imepotea, imerudi sasa hivi?"

Aliweza kuitoa. Mwenye hadithi anaweza kuitoa barazani, kibonyezo kiko hapo. Aliweka kidole. Lakini juu yake kulikuwa na ujumbe wa wakubwa wa baraza: hadithi yako ndiyo bora, itakaa ukurasa wa mbele mpaka mwisho wa mwezi, na wewe tunakukaribisha kati yetu. Kati yetu! Watu aliowaita wajinga walimwita mwenzao, na moyo wake ukavimba kama andazi. Akaondoa kidole.

"Nitaiacha wiki moja tu," alijiambia. "Upuzi wa Kukhu utapita."

Jioni hiyo mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa anatoa sauti kama ya paka mdogo ndani ya gunia. Midomo imekauka. Nasambu alikuwa anamkamulia maziwa kwa kijiko na yote yanamwagika shingoni.

Kukhu alifungua pazia.

"Ulimpeleka wapi?"

Maurice alimweleza. Ilibidi aeleze katuni, na taa, na baraza, na kila neno lilipotoka lilionekana dogo na la kijinga kuliko lile la mbele yake.

"Ulimpa wageni jina lake wamwite," Kukhu alisema. "Na hakuna anayemjua. Ataenda kwa yule anayelia zaidi. Nenda ulirudishe."

Alikimbia mpaka Kawangware. Gathoni alikuwa anafunga, akamfungulia. Laini ya simu ililia, ikakatika, ikalia tena. Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza. Hadithi ikatoka.

Pale ilipokuwa kulibaki ujumbe mmoja, wa yule mama wa theluji.

"Asanteni nyote. Henrik wangu hakuwa wa kubuni. Hakuna mtu alimwita, kwa hivyo mimi nikamwita huyu wenu, kila saa, kwa sauti, pale ukingoni mwa ziwa. Leo nimeamka nikakuta maji sakafuni jikoni. Alama za miguu. Mmoja una kiatu, mmoja ni mtupu. Simwoni. Lakini anapiga mluzi."

Maurice hakuzima kompyuta. Hakuaga.

Nyumbani Nasambu alikuwa sakafuni. Alikuwa ameshika mtoto na mtoto hashtuki tena.

"Ita," alisema. "Mtu yeyote. Ita jina lolote!"

Ya ukoo yalikuwa yameisha. Kukhu alikuwa ameyarudia mpaka sauti ikakatika. Maurice alipiga magoti. Kulikuwa na jina moja tu kichwani mwake, jina ambalo hakuna aliyeliita. Yeye peke yake alikuwa amelijibu, kwa matusi.

"Henrik," alisema.

Kijiko kilianguka.

"Henrik."

Mtoto alifungua macho.

"Henrik."

Akashika titi. Akanyonya kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

Nasambu alilia na kucheka. Majirani walikuja wakasema ni jina zuri, la Kikristo. Kukhu alivuta sanduku lake, akafungua kufuli ambayo ufunguo wake haukuwahi kutoka shingoni mwake.

Gambuti haikuwa ndani. Kulikuwa na glavu moja ndogo, nyeupe, ya sufu. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa na baridi ya kuuma vidole.

Waliianika. Siku hizo jua la Gatwekera lilikuwa linapinda mabati, na nguo nzito zilikauka kabla ya saa sita. Glavu haikukauka. Bado iko pale kwa kamba, nenda uone, inadondosha tone, inadondosha tone, na chini yake ardhi haijakauka tangu siku ile. Maurice siku hizi anasalimia kila mtu, ila pale anapita upande wa pili.

Mtoto sasa anatembea. Asubuhi akifunguliwa mlango huenda moja kwa moja kusimama chini ya ile kamba. Husimama kimya, mkono mmoja ameuinua, kama anayengoja kuvishwa.