Taarifa ya Habari kutoka Zangwira

Haikuwa na namba. Hicho ndicho kitu cha kwanza Tekla alichokiona, na angekuwa mtu mwoga angezima palepale. Alikuwa kwenye kibanda umiza chake cha kuonyeshea mpira pale Katindiuka, mpira umeisha, wateja wanaburuza mabenchi, yeye anabonyeza rimoti kutafuta tamthilia. Katikati ya chaneli mbili anazozijua ikachomoza ya tatu, haina namba wala nembo. Ilionyesha bendera ya rangi ya udongo mbichi, inapepea mahali ambapo hata jani moja halitikisiki. Halafu akatokea mwanamke mwenye kilemba cha njano, akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Hii ni Televisheni ya Taifa ya Zangwira. Ifuatayo ni taarifa ya habari."

"Zangwira ni wapi?" Tekla akauliza.

Hapo sasa ndipo ungewapenda watu wetu. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyekubali kwamba hajui. Mmoja akasema ni huko mbele ya Zambia, ukishapita Mlimba na treni unazidi kwenda tu. Mwingine akaapa kwamba binamu yake alishafanya kazi huko. Wakatulia, wakatazama waziri anafungua daraja, rais anapewa maua, kisha hali ya hewa. Taifa kamili, lina bajeti na mawaziri wenye vitambi! Ila ukiwatazama vizuri hao wa kwenye kioo, hakuna hata mmoja aliyekuwa anapepesa macho, na kibanda kizima kilikuwa kimeanza kunuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Kilichowanasa watu ni matangazo ya vifo. Yalisomwa kama yale ya redio ya zamani, taratibu, kwa heshima, ukoo mzima unatajwa na vijiji vyao. Wazee ambao hawajawahi kukanyaga kibandani wakawa wanakuja kila saa kumi jioni kusikiliza. Mwanzoni majina yalikuwa ya hukohuko Zangwira. Mpaka siku hiyo yule wa kilemba akasoma:

"Familia ya Beatus, fundi baiskeli wa Katindiuka, Ifakara, inasikitika kutangaza kifo chake. Vilevile Shilinde wa Michenga anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Mbuke. Habari ziwafikie ndugu wote walioko machungani, popote walipo."

Valeria akaweka mikono kichwani. Huyu Valeria ni jirani wa Tekla, na kwa kulia misibani hana mpinzani bonde zima la Kilombero. Akifungua mdomo, hata aliyekuwa hasalimiani na marehemu anatafuta leso. Akatoka mbio analia kuelekea kwa Beatus, na mtaa wote nyuma yake. Usiwacheke. Kwetu ukisikia msiba unalia kwanza, maswali baadaye. Anayeanza na maswali ndiye anayenyooshewa kidole kwamba kuna kitu anakijua.

Beatus akatoka ndani kwake na tonge la ugali mkononi. "Nani kawaambia nimekufa? Mbona mimi mzima?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Beatus mwenyewe akamwambia Valeria amemlilia vizuri sana, asikose siku yenyewe ikifika. Jua lilikuwa halijazama walipomkuta sakafuni, wa baridi, na chumba kinanuka udongo.

Asubuhi yake Mbuke akapita na ndoo ya maziwa kama kawaida yake. Tekla nusura aangushe sufuria.

"Mbuke," akanong'ona, "jana kuna mtu alikulilia?"

"Anililie nani, dada? Wetu wote wako mbugani na ng'ombe. Huku mnanijua kwa maziwa tu." Mbuke akamtazama. "Kwani kuna nini?"

Tekla akaiweka sufuria chini. Alikuwa ameshaelewa, na nywele zimemsimama. Tangazo peke yake halikuweza kuua mtu, lilihitaji kilio. Beatus walimtoa wenyewe, kwa machozi yao ya ujirani mwema. Hasira ikampanda hadi utosini. Yaani majini yamekosa pa kwenda, yanakuja kula watu kwa heshima zao!

Akachomoa waya wa televisheni ukutani. Akapanda juu ya bati, aking'ang'ania mbao, akang'oa dishi na kulitupa kwenye migomba. Akafunga mlango kwa kufuli. Saa kumi ilipofika wimbo wa taifa la Zangwira ukaanza kulia ndani, taratibu, na watu wakatoka majumbani kwao wakaja. Wengine walikuja huku wanalalamika kwamba hawataki, ila miguu inawaleta. Kufuli likafunguka lenyewe. Tekla akaingia nao, mchi wa kutwangia mkononi, akasimama mbele ya kioo.

Yule wa kilemba akamtazama yeye. Hakutazama karatasi kabisa.

"Tekla wa Katindiuka, Ifakara, anasikitika kutangaza kifo cha binti yake wa pekee, Herieth."

Herieth alikuwa uani anapepeta mchele, anaimba. Wimbo ukakatika.

Valeria akainua mikono. Tekla akautupa mchi, akamrukia na kumziba mdomo. "Ukilia nakung'oa meno! Mwanangu yuko hapo nje, mzima!"

"Nisamehe, Mama Herieth," Valeria akanong'ona katikati ya vidole vya Tekla, macho yamemtoka. "Si mimi. Kimenikaba chenyewe. Kisipotoka nitapasuka."

"Mama!" Sauti ya Herieth ikaja kutoka uani, ndogo, inatoka mbali kuliko ua wenyewe ulivyo. "Mama, mbona mikono yangu imekufa ganzi?"

Na yule wa kilemba akaanza kuwaita waombolezaji, mmoja mmoja kwa jina, habari zimfikie Hermenegildi aliyekaa benchi la nyuma, habari zimfikie Angelina wa karibu na mlango, na kila aliyetajwa akashika koo lake, kwa sababu kilio kilikuwa kinapanda kama maji ya mto unaofurika, kikubwa, cha mtu mwingine, kinatafuta mdomo wa kutokea, na harufu ya udongo ikazidi mpaka ukadhani shimo limechimbwa katikati ya mabenchi, na huko uani ungo ukaanguka chini, mchele ukamwagika, na Herieth hakuita tena.

Tekla alitaka kulia. Nisikudanganye, alitaka kulia kuliko wote mle ndani, maana ni mwanawe, na machozi yalikuwa yameshafika kwenye kope. Akayakataa. Akamgeukia yule wa kilemba, mkono mmoja bado umemziba Valeria, wa pili akauweka kiunoni kama mtu anayegombea foleni ya maji bombani.

"Umemaliza? Sasa sikiliza la kwangu."

Akakohoa kusafisha koo. Akasoma kwa sauti ileile ya redio, taratibu, karatasi hana.

"Mimi Tekla wa Katindiuka nasikitika, wala sisikitiki, kutangaza kifo cha Televisheni ya Taifa ya Zangwira, kilichotokea leo hii, hapahapa kibandani kwangu. Habari ziwafikie waziri wa madaraja, na yule wa hali ya hewa, na wewe mwenye kilemba. Mazishi ni sasa hivi." Akauondoa mkono wake mdomoni mwa Valeria. "Haya dada, msiba huo. Lia!"

Valeria akalia.

Mungu wangu, alilia! Alikilia kile kioo, akailia bendera, akauliza Zangwira imemwachia nani hiyo hali ya hewa. Kibanda kizima kikalipuka, wanaume kwa wanawake, na kilio kilichokuwa kimewekewa Herieth kikapata pa kwenda. Yule wa kilemba akapepesa macho kwa mara ya kwanza. Akatazama karatasi zake, akazigeuza, akatazama nyuma yake, na nyuma yake taa za studio zilikuwa zinazimika.

Wakaifunika televisheni kwa kitenge cha Valeria. Wakaibeba mabegani kama jeneza mpaka nyuma ya kibanda, kwenye udongo laini wa mvua, na majembe yakaanza. Ilikuwa nzito kuliko mtu. Walipoitelemsha shimoni, sauti ikatoka chini ya kitenge, ya kunong'ona, imejaa woga.

"Nani kawaambia nimekufa? Mbona mimi mzima?"

Hakuna aliyecheka. Tekla akachukua jembe akaanza kufukia, na kila udongo ulivyoanguka sauti ilizidi kusihi. Ikaahidi mvua za wakati wake. Ikamtaja marehemu mume wa Tekla kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na hapo jembe lilisita kidogo mikononi mwake.

"Huyo tulishamzika," Tekla akasema. "Na wewe tunakuzika." Akafukia mpaka pakawa kimya, akapakanyaga kwa miguu yote miwili.

"Sasa matanga?" Valeria akauliza, sauti imemkauka.

"Matanga ya nani? Nendeni mkapike kwenu!"

Akakimbia uani. Herieth alikuwa amekaa chini katikati ya mchele uliomwagika, anajipuliza viganja, rangi inarudi usoni.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Tekla akawasha kuni, akapika wali, akamwekea na samaki. Akakaa mbele yake na kumtazama anavyotafuna, kila tonge, kana kwamba atapokonywa. Herieth akaacha kula, akanyoosha mkono kumfuta mama yake kwenye shavu. Tekla akaudaka ule mkono kabla haujafika. Ulikuwa wa moto.

"Moshi wa kuni huo," akasema. "Kula."