Zoezi la Saba

Jumapili, tarehe 16 Februari 1997, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bi. Kate alifunguliwa kabati la chuma katika ofisi ya chama cha jimnastiki, karibu na mtaa wa Buxton. Akatoa bahasha ya khaki, akaigeuza, kisha akakaa kitini. Lakiri nyekundu iliyopigwa Ijumaa mbele ya watu wote ilikuwa imevunjika katikati, na mtu ameiunga kwa gundi ya shule.

Saa tatu kasorobo Sajini Ngowa Kenga wa idara ya upelelezi alikuwa mlangoni, bado na shati lake la kanisani. Utasema hiyo si kesi ya kumtoa mtu ibadani. Karatasi moja, tarakimu kumi, basi. Lakini subiri kwanza uzijue tarakimu zenyewe.

Jaji wa kimataifa wa jimnastiki hateuliwi kwa ujomba. Kila baada ya miaka minne, Olimpiki ikishapita, kitabu cha sheria hubadilishwa na majaji wote, mkubwa kwa mdogo, hurudi darasani. Hufanya mtihani wa maandishi, kisha huonyeshwa mazoezi kwenye video wayape alama. Alama zako zikikaribiana na za wataalamu, unapanda, zikiachana, unashuka. Daraja ni nne: la nne ni la wanaoanza, la kwanza ni la wanaokalia viti vya mashindano ya dunia. Anayeanguka hupoteza hata kile alichokuwa nacho, akangoje miaka minne mingine. Na alama za wataalamu ndizo zilizokuwa ndani ya bahasha ile.

Bi. Kate, mtahini aliyetumwa na shirikisho la kimataifa, alieleza kwa utaratibu na Ngowa akaandika. Ijumaa saa nne asubuhi bahasha ilipigwa lakiri na kufungiwa kabatini. Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, watahiniwa kumi na wanne walitazama mazoezi kumi ukumbini, taa zimezimwa. Bahasha haikuguswa, kwa kuwa kusahihisha kulipangiwa Jumapili. Kasoro ilikuwa moja tu: mashine ilitafuna kanda mwanzoni mwa zoezi la saba, naye akaweka kanda ya akiba, zoezi jingine kabisa. Sheria inamkataza kusema na watahiniwa, kwa hiyo hakusema. Alama za zoezi hilo la akiba hazikutoka mkobani mwake.

Kisha akasema lililokuwa moyoni. Ndege yake inaondoka Jumatatu saa nne asubuhi. Asipojua mwizi ni nani, ataandika jina la aliyeshika funguo, na mtu huyo atafungiwa michezoni maisha. Aliyeshika funguo ni Mbodze, katibu wa chama, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, naye pia mmoja wa watahiniwa. Mwalimu aliyefungiwa kwa wizi wa mtihani, shule gani itamweka? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na kufikia saa tano wenyeji walikuwa wagonjwa wote.

Ngowa alimhoji Mbodze kwa saa nzima. Alikuwa msichana mkavu, asiyelia ovyo. Alisema funguo zilikuwa shingoni mwake tangu Ijumaa, analala nazo, anaoga nazo. Ngowa akamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyezishika. Akajibu hakuna. Jibu hilo ndilo lililokuwa likimnyonga, naye alilirudia mara tatu.

Ikaja zamu ya Seth, karani wa reli aliyetoka Nairobi kufanya mtihani. Alionekana Jumamosi saa saba mchana akitoka ofisini peke yake, na alipoulizwa jasho lilimtiririka. Ngowa alidhani amepata. Kumbe mtu alikwenda kuiba simu tu, si alama: mkewe alikuwa hospitali kujifungua, naye alipiga Nairobi bila ruhusa. Opereta alithibitisha maongezi ya dakika kumi na mbili. Mtoto wa kike, kilo tatu. Ngowa akampa mkono wa pongezi na kumwacha aende.

Nje, ukutani, alisimama Mwalimu Badawi, mwenyekiti wa chama. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kufika daraja la pili isipokuwa yeye. Ngowa alimjua tangu utotoni. Ndiye aliyemfundisha kusimama kwa mikono juu ya magunia matupu, kwenye bohari nyuma ya duka la kanga, Biashara Street. Ngowa alisimama mbele yake, akatabasamu, asijibiwe kitu. Alipomwamkia ndipo mzee aliponyoosha mkono, ukapita ubavuni mwake. Kuchoka, Ngowa akawaza. Wiki moja tu tangu Idi, na mzee alifunga Ramadhani yote. Mwalimu alimwomba jambo moja, kwamba Mbodze ni kama mwanawe, wamfanyie taratibu. Hakusema kwamba Mbodze hakuiba.

Saa nane Ngowa alirudi kwa Bi. Kate na ombi. Wamezunguka mbuyu vya kutosha. Afungue karatasi za watahiniwa, hata kama mtihani uliovuja hausahihishwi. Aliyeiba majibu lazima aliyatumia. Bi. Kate alikataa, kisha akakubali.

Zilikuwa na namba bila majina. Walizipanga mezani pamoja na alama zilizoibwa. Kila mtu alikosea kidogo hapa, kidogo pale, kama wanavyokosea watu wa kweli. Karatasi namba moja haikukosea popote. Tarakimu kumi, zote kumi, sawasawa na za bahasha.

"Zote kumi?" Ngowa aliuliza. "Na lile la saba ulilobadilisha?"

Bi. Kate akapeleka kidole kwenye mstari wa saba. Alama ya bahashani ilikuwa 9.35, na karatasi namba moja iliandika 9.35. Lakini zoezi lililoonyeshwa ukumbini lilikuwa la msichana aliyeanguka kutoka kwenye boriti, ule ubao mwembamba wa mazoezi, tena mzimamzima, na kuanguka hukatwa nusu alama papo hapo. Wengine wote kumi na watatu walimpa nane na ushei.

Ngowa alipiga hesabu. Mwizi mwenye macho angemwona anaanguka, angejua mambo yamegeuka, angepunguza. Huyu aliandika alichokariri kwa sababu hakumwona msichana akianguka. Aliukumbuka ule mkono uliopita ubavuni mwake kabla hata ya kuuliza namba moja ni ya nani.

Akamwita Mbodze. Namba moja ilipewa mwenyekiti, akasema, kwa heshima.

"Ijumaa ulimpa Mwalimu funguo?"

"Kabla ya sala. Alitaka daftari la mahudhurio."

"Mbona nilikuuliza mara tatu ukasema hakuna mtu?"

Mbodze alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu sikumhesabu," akasema. "Nani angemhesabu Mwalimu?"

Bi. Kate alitoa hukumu yake hapo hapo. Jina la Mbodze litafutika, lakini dhana ya polisi haimtoshi. Anataka ungamo lililotiwa sahihi, mkononi mwake, kabla ya ndege. Na kwa kuwa mwizi ndiye mwenyeji wa mtihani, mtihani wote umekufa. Hakuna atakayepata daraja, mpaka miaka minne ipite. Mbodze alivua funguo shingoni, akaziweka mezani, akauliza yeye basi ameshinda nini. 

Saa kumi na nusu alasiri alipiga hodi Mji wa Kale. Mwalimu alikuwa peke yake. Mkewe alikufa, wanawe wako Jeddah. Alimtilia mgeni kahawa huku ametia kidole ndani ya kikombe kupima ujazo, na Ngowa akaona haya kwa kutoyaona mambo haya asubuhi.

"Mwalimu, yule msichana wa saba alifanyaje?"

"Alikwenda vizuri. Alitua, akapiga hatua moja ndogo."

"Alianguka, Mwalimu. Alikaa kwenye mkeka, akapanda tena. Ukumbi mzima ulimwona."

Mzee aliipapasa meza, akaweka birika chini.

"Ni presha ya macho," alisema hatimaye. "Mwaka wa pili huu. Nimebakiwa na kitundu tu cha kuonea. Kitu kikitulia nakisoma, kwa kioo cha kukuzia. Kikenda, kimenipotea."

"Ungestaafu. Tungekufanyia sherehe."

"Halafu? Kesho yake niamke niwe nani? Miaka ishirini na minane nimeitwa jaji. Nyumba hii haina wa kuniita jina jingine."

"Na Mbodze?"

Mwalimu alijifuta midomo. "Nilijua watamshika yeye. Tangu jana usiku nilijua. Nilikuwa nikingoja atokee mwizi mwingine."

Ngowa alimchukia, na kwa pumzi ile ile alitamani kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliandika ungamo kwa mkono wake, akalisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alisahihisha tarehe moja. Kisha akaomba kalamu.

Ngowa akamwekea karatasi mbele na kumwonyesha pahala. Mzee hakutafuta kioo chake; aliinama, akatia sahihi yake ndefu ya madoido, ile ile iliyo kwenye vyeti vya watoto wa nusu ya mji. Ilianzia nje ya karatasi na kuishia nje ya karatasi. Yote ilikuwa juu ya mbao za meza.

"Nimeweka sawa?" aliuliza.

Ngowa aliitazama meza. Angekuwa peke yake na Mwalimu wake duniani, angesema ndiyo.

"Hapana, Mwalimu," alisema, akaushika ule mkono uliowahi kumshika miguu akiwa kichwa chini. "Hukuipata karatasi. Rudia."