Punje Moja ya Zikoni

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la vipuri kilinuka grisi. Sindano alichora ramani juu ya katoni. Jina hilo alilipata maabarani: miaka tisa alichonga mawe yakawa sindano nyembamba kuliko unywele, mashine ikazing'oa atomi moja moja na kuzihesabu. Hesabu ndiyo umri wa jiwe.

"Kumbe tunaiba almasi," alisema Kufuli, fundi wa kufungua makabati ya chuma, aliyekula miaka sita jela akarudi mnene.

"Punje ya zikoni, madini ya kupimia umri wa mawe. Ndogo kama chembe ya chumvi."

"Mama yangu wee. Uzee huu, naiba chumvi."

Shemeji, mume wa dada yake Sindano na mlinzi wa jengo la maabara, hakucheka.

"Profesa, bosi wangu wa zamani, ametangaza jiwe lake ndilo kongwe kuliko yote," Sindano alisema. "Mimi nikaona atomi za risasi, madini tunayohesabia umri, zimehama, zimejazana pembeni kama watu msibani. Umri ule ni uongo. Nikasema, nikafukuzwa. Punje imebaki moja. Kesho anaitia mashineni, na kinachoingia mle hakitoki. Ikiisha, nani ataniamini?"

"Na leo?" Kufuli aliuliza.

"Leo mashine inahesabu jiwe lingine. Ikihesabu, hapiti mtu koridoni, hata lifti inazimwa. Kishindo kidogo, sindano inakatika, kengele inalia kwa Profesa. Kwa hiyo njia ni nyeupe. Ila tutembee kama paka."

Saa 6:40 mchana.

Shemeji alifungua mlango wa nyuma. Wakavua viatu. Kidole gumba cha Kufuli kilichungulia kwenye soksi.

"Usiangalie," alinong'ona. "Mke yuko kwao."

Saa 6:52.

Kabati lilifunguka bila hata kukohoa. Ndani, kidonge cha plastiki ngumu, ukubwa wa kifungo cha koti. Katikati, kidoa: punje yenyewe. Sindano akakifumbata.

Saa 6:54.

Mlango wa chuma ulibamizwa. Jengo zima likasikia. Kengele ikalia.

Kitasa kilikuwa mkononi mwa Shemeji.

"Shemeji?"

"Profesa ameniahidi ukuu wa walinzi. Nina watoto wanne. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami. Nakukariri."

Kufuli alichungulia dirishani. Chini, gari la polisi lilikwisha kuegeshwa.

Saa 7:05.

Askari wawili waliingia, Profesa nyuma yao akihema. Hakuuliza kabati. Alinyoosha mkono.

"Nipe hicho, mwanangu, uende zako. Tuyamalize kifamilia."

Sindano akaelewa: anachotaka ni punje, si mwizi. Kidonge akampa askari.

"Afande, mwizi ni mimi. Hiki ni kidhibiti cha kesi. Andika: punje moja, nzima."

"Mimi sina malalamiko," Profesa alisema haraka.

"Yeye hana. Mimi nakiri. Nimevunja, nimeiba, na kesi naitaka. Hakimu atauliza nimeiba nini hasa. Ataletwa mtaalamu mwingine akipime."

Kufuli aliguna, akaleta mikono yake kwenye pingu. "Na mimi niandike. Kabati nimefungua mimi. Kazi safi ile, asije akasifiwa mwingine."

Askari alitia kidonge kwenye bahasha, akalamba gundi, akatia sahihi juu ya mfuniko. Profesa aliifuata kwa macho mpaka ilipozama kwenye mkoba.

"Haya, Profesa," Sindano alisema, pingu zikimbana. "Kitie mashineni sasa."